Bei za makampuni ya migodi ya Kongo zaonekana bure kwenye simu, lakini bei ya kobalti bado inauzwa

Tarehe 13 Machi 2025, waasi wa M23 wakisonga mbele kuelekea Walikale, kampuni ya Alphamin Resources ilitangaza kwamba inasimamisha kwa muda kazi katika mgodi wake wa bati wa Bisie, Kivu ya Kaskazini, na kuwaondoa wafanyakazi. Siku hiyo hiyo hisa za kampuni hiyo zilianguka vibaya katika soko la Toronto, nchini Kanada. Mgodi huo peke yake hutoa kama asilimia 6 ya bati yote ya dunia, na bei ya bati huko London ilipanda kwa sababu hiyo hiyo iliyoangusha hisa. Tarehe 9 Aprili, baada ya waasi kuondoka Walikale, kampuni ilitangaza kwamba kazi inaanza tena hatua kwa hatua, na hisa zikapanda.

Mkaazi wa Goma, mji ambako wakati huo benki zilikuwa zimefungwa, angeweza kufuata mambo hayo yote bila kulipa hata franga moja zaidi ya mega za intaneti. Ilitosha kufungua Google Finance au Yahoo Finance na kuandika herufi tatu: AFM. Mstari mmoja ungemwonyesha jinsi watu wa mbali, ambao wengi wao hawajui Walikale iko wapi, walivyopima thamani ya hatari iliyokuwa ikiwakabili watu wa kwao.

Jambo hili ni jipya kuliko linavyoonekana. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haina soko la hisa. Lakini makampuni makubwa yanayochimba katika ardhi yake karibu yote yanauzwa na kununuliwa kila siku katika masoko ya nchi nyingine. Ivanhoe Mines, yenye sehemu ya shaba ya Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, iko Toronto. Mwenzake katika mgodi huo, Zijin ya China, iko Hong Kong na Shanghai, na ndivyo ilivyo kwa CMOC, kampuni iliyonunua Tenke Fungurume kutoka kwa Wamarekani wa Freeport-McMoRan mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65. Glencore, yenye migodi ya KCC na Mutanda, iko London. Dhahabu ya Kibali, huko Haut-Uele, imegawanywa kati ya Barrick na AngloGold Ashanti, kila moja ikiwa na asilimia 45, na shirika la serikali la SOKIMO lenye asilimia 10. Makampuni hayo mawili ya kwanza yanapatikana New York. Hata mitandao ya simu na benki ziko katika hali hiyo: Airtel Africa iko London, Vodacom Johannesburg, Orange Paris, na wenye EquityBCDC na TMB, yaani Equity Group na KCB, wako Nairobi.

Kwa maneno mengine, bei ya mali inayochimbwa hapa hupangwa kwingine. Hilo halikuanza leo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na hisa zake ziliuzwa kwenye soko la Brussels; serikali ilitaifisha mali zake hapa nchini mwaka 1967. Mfanyakazi wa Elisabethville au Jadotville aliyeyeyusha shaba hiyo kwa miaka hakuwa na njia ya kujua kampuni yake ilikuwa na thamani gani wiki ile. Habari hiyo ilikuwa ya wenye hisa, madalali wao na magazeti ya Ubelgiji yaliyofika kwa ndege au meli.

Kuiona bei sasa hivi, si kesho, kumekuwa ni biashara tangu zamani. Mwaka 1867, huko New York, Edward Calahan alitengeneza mashine iliyochapisha bei za hisa kwenye utepe wa karatasi kwa kutumia waya wa telegrafu. Aliyekuwa na mashine alijua kabla ya aliyesubiri gazeti, na aliyejua kwanza alinunua kwanza. Mantiki hiyo ndiyo inayoendesha mambo hadi leo. Masoko ya hisa hayapati faida kutokana na kuuza na kununua tu, yanauza pia habari za bei zenyewe. Benki na mifuko mikubwa ya uwekezaji hulipa. Mtambo mmoja wa Bloomberg hukodishwa kwa zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Asiyelipa hupewa bei ileile ikiwa imechelewa, kwa kawaida dakika 15 au 20, muda unaotosha kwa wenye pesa kuwa wamekwisha maliza shughuli zao.

Kurasa za bure zilianza kupunguza pengo hilo polepole. Yahoo ilikuwa na ukurasa wake wa fedha tangu miaka ya 1990. Google ilifungua wake mwezi Machi 2006, ukiwa na michoro ambayo mtu angeweza kuvuta mbele na nyuma na kuona habari gani ilitoka siku bei ilipobadilika. Lakini bei zilikuwa bado ni za kuchelewa. Mlango ulifunguka Juni 2008, pale soko la Nasdaq lilipokubali bei zake za papo hapo zionyeshwe kwa umma kupitia Google, CNBC na tovuti za Wall Street Journal. Msomaji halipi, anayelipa ni mwenye ukurasa. Mwaka huo huo Yahoo nayo iliingia mapatano na BATS, soko changa lililokuwa likitafuta jina, na kuonyesha bei zake bila kuchelewa.

Haikuwa zawadi ya roho safi. Nyuma ya pazia palikuwa na ugomvi mkali juu ya swali moja: bei ni mali ya nani? Muungano wa makampuni ya intaneti uitwao NetCoalition, ambamo Google na Yahoo zilikuwa wanachama, ulipinga ada ambazo soko la NYSE Arca lilitaka kutoza kwa data zake. Kesi ilifika mahakama ya rufaa ya Washington, na mwaka 2010 majaji waliamua kwamba tume ya kusimamia masoko ya Marekani haikuonyesha sababu za kutosha za kukubali ada hizo. Hoja ya makampuni ya intaneti ilieleweka hata kwa asiye mwanasheria: wauzaji na wanunuzi ndio wanaotengeneza bei, basi kwa nini soko liwauzie tena kile walichokitengeneza wenyewe? Masoko yalijibu kwamba mitambo ina gharama. Mabishano hayo yameendelea kwa miaka mingi tangu hapo, na mwananchi wa kawaida amefaidika pale tu pande hizo mbili zilipoona faida yao wenyewe ndani yake.

Ndiyo maana kilichotolewa bure kimewahi pia kurudishwa ndani. Mwishoni mwa 2017 Google ilibadilisha ukurasa wake na kuondoa sehemu ambayo watu walitumia kuhifadhi orodha ya hisa zao. Wengi walilalamika, na huduma hiyo ilirudi baada ya miaka. Mwaka huo huo Yahoo ilifunga njia ambayo wanafunzi na waandikaji wa programu walitumia kuchota data bure. Mwaka 2024 ikaweka pia upakuaji wa bei za zamani nyuma ya malipo: kuona kwenye skrini ni bure, kubeba nyumbani ni pesa. Anayejenga kazi yake juu ya kitu cha bure ajue kwamba mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli usiku mmoja.

Wimbi la sasa ni la kupanua. Agosti 2025 Google ilianza kujaribu, kwanza Marekani, ukurasa mpya wa fedha unaojibu maswali kwa akili bandia, wenye michoro ya kina zaidi, habari zinazoingia kila wakati, na data mpya za bidhaa kama madini na mafuta pamoja na sarafu zaidi za kidijitali. Novemba mwaka huo ikaongeza hata takwimu kutoka Kalshi na Polymarket, mahali ambapo watu huweka pesa wakibashiri matukio ya kesho. Ni alama ya nyakati: kubashiri kumepata nafasi kwenye ukurasa wa fedha, huku sehemu kubwa ya Afrika ikiwa bado inatajwa kupitia Johannesburg.

Kwa msomaji wa Lubumbashi au Bunia, je, upanuzi huo una faida gani? Faida ipo, ila inahitaji kujua mitego michache.

Mtego wa kwanza ni jina. Hisa moja inaweza kuwa na vitambulisho tofauti. Kwenye Google, Ivanhoe ni TSE:IVN, kwenye Yahoo ni IVN.TO. Glencore ni LON:GLEN kwa mmoja na GLEN.L kwa mwingine. CMOC ya Hong Kong haina herufi, ina namba: 3993. Barrick ilibadilisha herufi zake New York mwezi Mei 2025, kutoka GOLD kuwa B, na anayetafuta kwa zile za zamani hatapata anachokitaka.

Mtego wa pili ni sarafu, na hapa wengi huanguka. Bei za London mara nyingi huandikwa kwa peni, si kwa pauni. Anayeona hisa ya Glencore imeandikwa 400 asidhani ni pauni 400. Ni pauni nne. Johannesburg nayo huandika kwa senti za randi. Toronto ni dola, lakini dola za Kanada. Hong Kong pia ni dola, ila inahitajika karibu 7.8 kupata moja ya Marekani. Ukurasa wa bure hauelezi mambo haya kwa sauti, huweka herufi ndogo pembeni na kuendelea.

Halafu kuna saa. Soko la Hong Kong hufunguka saa tisa na nusu za usiku wa Lubumbashi na kufungwa saa nne asubuhi, hivyo habari ya mchana kutoka Fungurume haitaonekana kwenye bei ya CMOC hapo hadi usiku unaofuata. Toronto na New York hufunguka mchana wetu, saa tisa na nusu au saa kumi na nusu kulingana na majira yao. Tangazo la Kinshasa la jioni hupokelewa Toronto kwanza. Mwandishi wa habari au mwanaharakati anayetaka kujua wawekezaji wameelewaje uamuzi fulani wa serikali ni lazima ajue soko gani lilikuwa wazi.

Anayetumia majedwali ya Google anaweza kwenda mbali zaidi. Kuna fomula iitwayo GOOGLEFINANCE inayoingiza bei yenyewe ndani ya jedwali, hata bei za miaka iliyopita, bila malipo. Wengi hapa huweka kompyuta zao kwa Kifaransa, na hapo alama ya kutenganisha ndani ya fomula ni nukta-mkato badala ya mkato. Ni jambo dogo linalowafanya watu wakate tamaa bure. Data huweza kuchelewa hadi dakika 20. Kwa mwanafunzi wa uchumi anayetaka kulinganisha hisa za Ivanhoe kabla na baada ya mitetemo ya ardhi iliyosimamisha uchimbaji wa chini huko Kakula mwezi Mei 2025, dakika 20 si kitu.

Lakini bei ya hisa si pesa ya Kongo. Hapa ndipo mazungumzo mengi kwenye mitandao yanapopotea. Mtu huona thamani ya kampuni nzima, ambayo ni idadi ya hisa zote mara bei ya hisa moja, akaona mabilioni, kisha akauliza kwa nini kijiji cha karibu na mgodi hakina maji. Swali ni la haki, hesabu ndiyo si yenyewe. Mabilioni hayo ni matarajio ya wanunuzi wa hisa juu ya faida ya miaka ijayo, na hayapiti kwenye hazina ya mkoa wala ya taifa. Serikali ina asilimia 20 katika Kamoa-Kakula na asilimia 5 katika Bisie, lakini sehemu hizo ni za makampuni madogo yaliyoandikishwa hapa, si za yale yanayouzwa Toronto. Hisa ya Ivanhoe ikipanda mara mbili, hakuna hata senti inayoingia Kolwezi kwa sababu hiyo pekee.

Kinachoingia ni kodi na mrabaha wa madini, ule unaojulikana zaidi kwa jina la Kifaransa la redevance. Kwa sheria ya madini ya 2018, shaba hulipiwa asilimia 3.5, na kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huo huo, asilimia 10. Pesa hizo hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, iwe komuni, sekta au sheferi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hesabu hufanywa juu ya thamani ya madini yanayouzwa. Kwa hiyo bei ambayo bourgmestre wa Manika au Dilala, huko Kolwezi, anapaswa kuifuata kila wiki ni bei ya tani ya shaba na ya kobalti, kabla ya kuangalia Toronto au London.

Na hapo ukurasa wa bure unapunguka. Bei ya shaba ya soko la New York inaonekana bila taabu, na ile ya London hufuatana nayo kwa kiasi, ingawa zimewahi kuachana sana. Bati ni vigumu zaidi, kwani London Metal Exchange huuza data zake za papo hapo. Kobalti ndiyo mbaya kuliko zote. Bei inayotumika katika mikataba mingi hukusanywa na mashirika kama Fastmarkets, ambayo huwauzia waliojiandikisha kwa malipo. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini afisa wa komuni anayetaka kuhakiki hesabu ya mrabaha wa komuni yake anaweza kuona bure bei ya sarafu za kidijitali ambazo hajawahi kuzigusa, asione bei kamili ya madini yanayopita mbele ya ofisi yake kwa malori.

Uzito wa jambo hilo ulionekana mwaka 2025. Bei ya kobalti ilikuwa imeshuka chini ya dola 10 kwa ratili. Tarehe 22 Februari serikali, kupitia mamlaka ya ARECOMS, ilisimamisha usafirishaji wote nje kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, kisha kuanzia 16 Oktoba ikaweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Ulikuwa uamuzi mkubwa wa bei kuliko wowote ambao Kinshasa imeuchukua kwa miaka mingi, na wananchi wengi walioathiriwa nao, wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa depo, walifuata matokeo yake kwa uvumi na kwa kile walichoambiwa na wanunuzi.

Kuna kitu kimoja cha bure ambacho watu hukipita haraka, nacho kina thamani kuliko mchoro. Kampuni iliyo sokoni hulazimika kutangaza. Makampuni ya Kanada huweka ripoti zao kwenye hifadhi ya SEDAR+, wazi kwa yeyote: uzalishaji wa kila robo ya mwaka, ripoti za wahandisi kuhusu akiba iliyo ardhini, mishahara ya wakubwa. London na Hong Kong zina utaratibu wao. Bei ikiruka bila sababu inayojulikana, jibu mara nyingi liko katika tangazo la saa chache kabla.

Matangazo hayo nayo huweza kudanganya. Katanga Mining, iliyomiliki sehemu kubwa ya KCC ya Kolwezi na kuuzwa Toronto, ilikubali mbele ya wasimamizi wa masoko wa Ontario mnamo Desemba 2018 kwamba ilitoa habari zisizo sahihi, zikiwemo takwimu za shaba. Kampuni na wakubwa wake wa zamani walitakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Kwa miaka, yeyote aliyefungua ukurasa wa bure na kutazama bei ya hisa hiyo alikuwa akitazama bei iliyojengwa juu ya hesabu zenye kasoro, na alama ya kijani ya kupanda haikuwa na njia ya kumwonya.

Mwaka 2020 Glencore ilinunua hisa zilizobaki za Katanga Mining na kuiondoa sokoni. Ripoti zake zenyewe zilikoma. Anayetaka leo kujua KCC imetoa shaba na kobalti kiasi gani anafungua ripoti ya uzalishaji ya Glencore, inayotoka mara nne kwa mwaka, na kutafuta mistari michache ya Kolwezi katikati ya makaa ya mawe ya Australia na shaba ya Peru.